Pale Redio Aliponyamaza

Wapagazi walimwita Rula. Mgongo wake ulinyooka hata akiwa amebeba kilo ishirini, na sheria zake zilinyooka vilevile: maji lita tatu kwa kila mtu, hakuna kumpita kiongozi, na anayeumwa kichwa aseme kabla hajaulizwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipandisha watu kwenye mlima ule wa volkano. Wageni wenye hofu walipofika ofisini, bosi alikuwa na jibu moja tu: "Wapeni Rula. Huyo atawarudisha wazima."

Kila aliposikia hivyo, Rula aliinama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Maana alikuwepo mmoja ambaye hakumrudisha mzima, naye alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Huyo walimwita Redio. Alianza kusema asubuhi akiwa na mswaki mdomoni na hakunyamaza hadi usingizi umkate kauli katikati ya sentensi. Alipanda na mzigo kichwani huku akiigiza mkutano mzima wa wazazi shuleni, sauti ya mwalimu mkuu, ya mzazi mkorofi, hata ya mlango unaolia. Wenzake wakimpigia kelele, "Redio, punguza sauti!" aliwajibu, "Haiwezekani, nimetiwa betri mpya." Waliokuwa wamekata tamaa njiani waliinuka kwa sababu yake. Ukimfuata Redio, walisema, unashtukia umefika.

Alikufa mlimani akiwa na miaka thelathini na minane. Rula ndiye aliyemteremsha mgongoni, na Rula ndiye aliyesimama mlangoni kwa mama yao, mbele ya waombolezaji, akaeleza ilivyokuwa. "Amefia juu kabisa, ukingoni mwa kreta," alisema. "Tulibakiza hatua chache kufika kileleni. Ilikuwa ghafla, kama taa inavyozimika. Nilikuwa nimemshika mkono." Watu walimpa pole, wakasema afadhali marehemu hakuwa peke yake. Mama yake alimkumbatia kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo kimo chake kilipoishia akiwa ameketi, akalia kwenye koti lake.

Hayo yalikuwa miaka tisa iliyopita. Tangu hapo Rula hakuongeza neno wala kupunguza.

Mjane wa Redio alikuwa fundi wa nguo. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia yenye alama za chaki zisizofutika, na sare za shule zilizoning'inia kwenye kamba kama watoto waliopanga foleni. Kwa sare hizo alimsomesha binti yake hadi chuo. Hakuwahi kugombana na Rula, ila mazungumzo yao yalikuwa ya kusalimiana na kuagana tu. Ndiyo maana siku Rula alipomwona ameingia kwenye stoo ya vifaa vya kupandia mlima, saa za kazi, futi yake ya kupimia nguo bado ikiwa shingoni, alishtuka.

"Shemeji, karibu. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nimekuja kwa haja yangu." Alishika hema lililoanikwa karibu na mlango, akalipitisha kati ya vidole. "Hii nani kashona?"

"Inatoka hivyo hivyo kiwandani."

"Basi kiwandani walikuwa wanasinzia. Angalia mshono ulivyokwenda upogo. Mvua ikinyesha maji yanaingia huku." Aliliachia. "Binti anataka nihamie kwake. Amepata nyumba nzuri, anasema macho yangu yamechoka na uzi. Nimemkubalia. Lakini siondoki bila kufika alipofia mume wangu. Nataka unipeleke."

Rula alitafuta pa kushika. Akasema kule juu baridi inapasua midomo. Akasema njia ni ndefu, siku tatu kwenda na siku nzima kurudi, na magoti si ya kuchezea.

"Shemeji, mimi nakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Unayemwonea huruma ni nani, mimi au wewe mwenyewe?"

Alisema kwa utani, lakini Rula alihisi amechomwa sindano. Alikubali. Kukataa kungetaka sababu, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

Wiki mbili hizo hakulala vizuri. Akili yake ilikuwa inapanga. Ukingoni mwa kreta palikuwa na jiwe pana linalotazama mawio ya jua, mahali pa heshima, mahali ambapo mtu angeweza kuweka mkono na kulia. Alikata shauri kwamba hapo ndipo atakapompeleka. Atamwambia, "Ni hapa, shemeji," kisha atarudi nyuma hatua kumi amwache na mumewe.

Waliondoka watatu: Rula, shemeji yake, na Mpishi, mzee mfupi aliyekuwa amepika mlimani tangu kabla Rula hajapata kazi. Siku ya kwanza walipita msituni, ambako miti ilikuwa imevaa kuvu na njia ilikuwa tope la kunata. Shemeji alitembea bila kulalamika. Jioni kambini, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, alisimulia jinsi Redio alivyokuwa akikoroma hata jirani akaja kugonga ukuta, naye Redio, bila kuamka, akajibu, "Ingia, mlango uko wazi." Mpishi alicheka mpaka akakohoa. Rula naye alicheka. Kisha akakumbuka amekuja kufanya nini, kicheko kikamkauka.

Siku ya pili miti iliisha. Vikabaki vichaka vya kijivu vinavyofika magotini, navyo vikaisha, ikabaki changarawe nyeusi na mawe yaliyogandiana tangu enzi mlima ulipokuwa ukitema moto. Hewa ikawa nyembamba. Rula alimuuliza shemeji yake kila nusu saa kama kichwa kinamuuma, kama anaona vizuri, kama tumbo limetulia.

"Hata daktari haniulizi hivi," alisema. "Mume wangu naye ulimuuliza?"

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Lilikuwa swali la kawaida la njiani. "Yeye alikuwa mzoefu," Rula alijibu, akatangulia mbele ili uso wake usionekane.

Kambi ya juu ilikuwa vibanda viwili vya bati vilivyofungwa kwa waya visipeperuke. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, wao wawili waliondoka, Mpishi akabaki kuchemsha maji. Anga lilikuwa safi. Walipanda taratibu, hatua moja kwa pumzi moja, mpaka kukaanza kupambazuka wakafika mahali panapoitwa Viti.

Viti ni mawe matatu mapana yaliyopangana kama benchi. Kila anayepanda hukaa hapo kidogo akaze viatu kabla ya mwinuko mkali wa mchanga. Rula alikusudia kupita moja kwa moja.

"Tutapumzika mbele, shemeji. Hapa kuna upepo."

"Upepo uko wapi?" alisema, na kweli haukuwepo. Akaketi kwenye jiwe la kati, akanyoosha miguu.

Miaka tisa Rula alikuwa akipita hapo na wageni, na kila mara alipata cha kutazama upande wa pili: zipu ya mkoba wa mtu, wingu. Watu wengi walikuwa wamelikalia jiwe lile, wakala biskuti, wakapiga picha. Aliweza kuvumilia kwa sababu hawakuwa wake. Sasa alimwona huyu, mwanamke ambaye Redio alimwimbia dirishani mpaka baba mkwe akatoka na ndoo ya maji, amekaa palepale, ameegemeza bega palepale.

"Inuka hapo, shemeji."

"Kwani kuna nini? Nyoka?"

"Inuka, nakuomba."

Hakuinuka. Alimtazama. Rula alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Hapo ndipo," alisema.

"Ndipo nini?"

"Ndipo alipofia. Si kule juu kwenye kreta. Ni hapo ulipokaa."

Shemeji aliteremsha macho kwenye jiwe, kisha akageuka taratibu kutazama walikotoka. Bati la kambi lilionekana dhahiri, na moshi wa Mpishi ulikuwa unapanda wima. Hata sauti ya sufuria ilisikika.

"Tumetembea dakika arobaini," alisema.

"Kushuka ni dakika ishirini," Rula akasema. Hakuona tena faida ya kupunguza.

Ndipo akamweleza yote, akiwa amesimama. Redio alikuwa ameanza kunyamaza tangu jioni ya jana yake. Chakula hakumaliza. Asubuhi alitembea akiyumba kama mlevi, na alipoambiwa "Redio, vipi, betri zimekwisha?" alitabasamu tu bila kujibu. Rula aliona. Kila kiongozi anajua ugonjwa ule wa hewa nyembamba na anajua dawa yake ni moja, kumteremsha mtu upesi. Lakini ile ilikuwa safari yake ya kwanza kuwa kiongozi mkuu. Nyuma yake walikuwa wageni wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wameingoja siku hiyo kwa muda mrefu. Kiongozi mwingine hakuwepo. Kumrudisha ndugu yake kambini kulimaanisha wageni wasifike, na wasipofika cheo kingekwenda kwa mwingine kabla hajakionja.

"Kulikuwa na ukungu mzito," alisema. "Nikamwambia akae hapa, asitoke, asije akapotea akishuka peke yake. Nikamwambia tutarudi sasa hivi."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Sawa, kaka.'"

"Basi?"

"Basi."

Redio, ambaye hakuwahi kumtii mtu tangu azaliwe, ambaye akiambiwa kaa anasimama na akiambiwa kimya anaimba, siku ile alitii.

"Mlikaa huko muda gani?"

"Saa saba."

Shemeji alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Na Mpishi alikuwa pale chini?"

"Alikuwepo. Nilimdanganya hata yeye. Nilimwambia nimembeba kutoka ukingoni, na wageni hawakujua lugha ya kunikanusha."

"Akipika."

"Ndiyo, shemeji. Alikuwa anapika."

Rula alingoja apigwe, atukanwe, atemewe mate. Alikuwa tayari, na kwa namna fulani alikuwa anayatamani hayo. Lakini mwanamke yule alivua glavu, akaweka kiganja kwenye jiwe na kukipitisha polepole kutoka ukingo huu hadi ule, kama anavyofanya kwa kitambaa anachotaka kukijua kabla hajakikata. Jua likachomoza. Akavaa glavu zake, akasimama, akajipangusa vumbi.

Rula alidhani wanarudi, akageukia kambini.

"Hapana," shemeji alisema. "Tupande."

"Tupande wapi?"

"Huko ulikokwenda. Nataka kukiona hicho ulichokiendea."

Walipanda saa nne nzima. Mchanga ulikuwa wa kukatisha tamaa, unapiga hatua mbili unateleza moja. Mara tatu Rula alimwambia wanaweza kurudi, na mara tatu alimpita akaendelea, akivunja sheria ya kutompita kiongozi. Walifika ukingoni, wakalipita lile jiwe pana linalotazama mawio. Rula hakulitazama.

Kreta ilikuwa shimo kubwa la kijivu. Mvuke ulitoka kwenye nyufa zenye kingo za njano, na harufu yake ilikuwa ya kiberiti kilichowashwa karibu na pua. Mwendo mfupi kutoka hapo, sehemu ya juu kuliko zote, palikuwa na nguzo mbili na ubao wenye tarakimu za kimo cha mlima, umebandikwa vikaratasi na wapita njia. Vijana wanne walikuwa wanapiga picha wakirukaruka. Shemeji alingoja wamalize. Kisha akausogelea ubao.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hiki."

"Mbao."

Shemeji akauzunguka ubao akatazama upande wa nyuma, kana kwamba pengine kilichobaki kiko huko. Nyuma hapakuwa na maandishi, misumari tu yenye kutu. Aliketi kwenye changarawe, akaupa ubao mgongo, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba mbichi. Vijana wakageuka. Kiongozi wao, aliyemfahamu Rula, alikuja mbio.

"Mama anaumwa? Tumteremshe?"

"Haumwi," Rula alisema. "Amefiwa."

"Pole sana. Lini?"

Rula alimtazama shemeji yake, mabega yake madogo yakitikisika ndani ya koti la kuazima.

"Leo," alisema.

Wakati wa kuteremka, penye utelezi Rula alimnyooshea mkono. Shemeji aliutazama ule mkono, akachagua fimbo. Penye Viti hakusimama. Kambini Mpishi aliwapokea na chai, akawaangalia usoni mmoja baada ya mwingine, akaweka vikombe chini na kutoka nje bila kuuliza ilikuwaje.

Siku iliyofuata, walipofika getini chini, shemeji alirudisha koti na glavu, akavikunja vizuri kama mteja atakuja kuvichukua. "Mama utamwambia mwenyewe," alisema. "Nakupa mpaka Jumapili. Sitaki nimwambie mimi. Mimi nitamwambia vibaya."

Rula alikwenda Jumamosi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa amezeeka kiasi cha kutegemea vidole zaidi ya macho. Rula alikaa sakafuni mbele yake, akasema yote kama alivyoyasema mlimani, bila kuruka kitu. Mkono wa mama uliendelea kuzunguka kwenye ungo, ingawa hakukuwa tena na cha kutoa.

Alipomaliza, mama aliuliza jambo ambalo hakulitarajia.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti langu zito. Nililivua nikamvalisha kabla sijapanda."

"Na wewe?"

"Nilibaki na sweta."

"Kwenye baridi ile, mpaka juu?"

"Ndiyo, Mama."

Kwa dakika moja Rula alidhani amemwonea huruma, na machozi yalianza kumlengalenga. Lakini mkono wa mama ulikuwa umesimama.

"Basi ulijua," alisema. "Usingemvulia koti kama hukujua."

"Nilijua anaumwa, Mama. Sikujua anakufa."

"Ulijua, mwanangu." Aliusogeza ungo pembeni. "Toka nje kidogo. Nataka kumlilia mtoto wangu, na sitaki unitazame."

Rula alitoka akakaa kizingitini. Alimsikia akilia kwa sauti nyembamba isiyo na maneno. Jirani alipita akasalimia, naye akaitikia. Baada ya muda mrefu mama alimwita ndani, wakapika, wakala. Aliendelea kumpokea kila alipokuja, na kumtengea chakula, na kumuuliza habari za miguu yake. Ila jina la mdogo wake halikutajwa tena baina yao. Mama akitaka kumkumbuka Redio, alingoja Rula aondoke.

Ofisini alimweleza bosi. Bosi alikuna kichwa, akasema hayo ni ya zamani, hakuna aliyelalamika, ayaache. Lakini Rula hakuwa tena na moyo wa kazi. Mgeni akigusa paji la uso tu, anamgeuza, akikohoa, anamgeuza. Mmoja alirudishwa kwa sababu alikuwa mkimya, kumbe ndivyo alivyo hata nyumbani kwake. Malalamiko yakawa mengi. Mwishowe bosi alimhamishia stoo, kukagua mahema na kugawa viatu. Alikubali bila kubisha.

Shemeji alihama mwezi uliofuata. Rula alikwenda kumsaidia mizigo bila kuitwa, na hakufukuzwa. Alibeba cherehani begani hadi kwenye lori, akaifunga kwa kamba, akaizungushia blanketi isikwaruzwe. Chumba kilibaki kitupu, alama za chaki zikiwa ukutani tu mahali meza ilipogusa. Dereva alipowasha gari, shemeji aliteremsha kioo.

"Mtoto wa mdogo wako anakuulizia," alisema. "Nimemwambia. Alilia siku mbili." Akashika ukingo wa kioo. "Siku moja uje. Baba yake mkubwa ni wewe, hana mwingine. Lakini usije mwaka huu."

"Sawa, shemeji."

Lori likaondoka. Mwaka ule ulikwisha. Wa pili, binti alituma picha ya mtoto wake mchanga, bila maneno. Huu ni wa tatu. Rula anajua gari la kwenda huko linaondoka saa ngapi na linapita wapi, na mara mbili amefika kituoni akiwa na mkoba. Bado hajapanda.